A440F, A442F, A343F au A750F: giaboksi ipi ya otomatiki ukiweka injini ya turbo kwenye Land Cruiser 80

Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HZ ina sifa moja isiyobishaniwa: haifi. Ila ipe mlima na mzigo kwa wakati mmoja, utapitwa na Noah yenye abiria saba. Injini hiyo ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila inapopanda mita 1,000. Ukifika Kitulo kupakia viazi, kwenye mita kama 2,600, robo ya nguvu uliyoilipia umeiacha Dar es Salaam.

Ndiyo maana watu wanavua 1HZ na kuweka 1HD-T au 1HD-FT. Ni ndugu wa tumbo moja, ujazo uleule, ila zina turbo. Injini yenyewe mafundi wa Mwanjelwa wanaiingiza bila kukuna kichwa. Maneno huanza pale mwenye gari anapouliza: na giaboksi je, nibaki na hii ya otomatiki niliyonayo, au nitafute yenye nguvu zaidi? Hapo kila fundi ana jibu lake, na kila muuza spea ana giaboksi anayotaka iondoke dukani.

Tuanze na uzito wa kazi. 1HZ inatoa kama Nm 285 za msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha. 1HD-T inatoa kama Nm 360, na inazitoa mapema, kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. 1HD-FT yenye valvu 24 inafika kama Nm 380. 1HD-FTE ya Land Cruiser 100 inafika Nm 430. Kwa hiyo giaboksi iliyozoea 285 inaongezewa robo au nusu ya kazi yake, tena kwenye mizunguko ya chini, ambako klachi za ndani hubanwa na mafuta bila msaada wa kasi. Swali lako basi si la urembo.

Zinazopatikana kwa urahisi kama spea za mtumba ni nne: A440F, A442F, A343F na A750F. Kabla ya kuzilinganisha, jifunze kusoma jina, litakuokoa na maneno ya dukani. Tarakimu ya kwanza ni ukoo. Ya katikati ni idadi ya gia: A440F ina nne, A750F ina tano. F ya mwisho inakwambia ni ya gari la kuvuta magurudumu manne. Ili kujua uliyonayo, fungua boneti utafute kibati cha chasisi. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, na namba inayoanza na A ndiyo giaboksi iliyotoka nayo kiwandani. Kama gari limeshapita mikononi mwa watu wengi, usikiamini kibati peke yake, lala chini uitazame giaboksi yenyewe.

A440F: uliyonayo tayari

Hii ndiyo iliyokaa nyuma ya 1HZ nyingi za otomatiki, na nyuma ya 3F-E ya petroli kabla yake. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haina kompyuta ya kuamua gia. Mafuta yenyewe yanaamua kwa presha, yakisaidiwa na waya unaotoka kwenye mkono wa pampu ya dizeli hadi kwenye giaboksi, ule ambao mafundi wanauita waya wa kikdauni. Mvua ya Tukuyu haiwezi kuunguza kompyuta isiyokuwepo.

Je, inaibeba 1HD-T? Nasema hivi: 1HD-T ya kawaida, isiyoongezewa dizeli wala presha ya turbo, na gari la kifamilia la kwenda Iringa na kurudi, A440F nzima itavumilia. Ukianza kuvuta tela la mbao kutoka Mafinga, au ukimruhusu fundi "afungue pampu kidogo", utakuwa unahesabu miezi.

Halafu kuna huo waya. Watu wengi waliosema A440F imeshindwa na 1HD-T, kilichowashinda ni waya. Mkono wa pampu ya injini mpya haufanani na wa 1HZ, fundi anaufunga ilimradi ufike, na waya ukilegea presha ya ndani inashuka. Klachi zinaanza kuteleza polepole bila wewe kusikia, mpaka siku mafuta yanatoka meusi yakinuka moto. Kipimo chake ni chepesi. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi chini, injini ikiwa imezimwa, mwingine aangalie mahali waya unapoingia kwenye mpira wa ala yake upande wa injini. Kile kidude kidogo kilichobanwa kwenye waya kinatakiwa kiwe kimefika kwenye ukingo wa mpira, kikiwa mbali kisizidi milimita moja. Kipimo hiki kinafaa kwa giaboksi yoyote ya Toyota ya enzi hizo yenye waya, na fundi akikuambia kwake anapima kwa uzoefu, mwombe akuonyeshe hiyo milimita.

A442F: mdogo wake aliyekomaa

A442F ni ya ukoo uleule, iliyoimarishwa kwa ajili ya injini nzito. Ilikaa nyuma ya 1HD-FT kwenye Land Cruiser 80, na baadaye nyuma ya 1HD-FTE kwenye Land Cruiser 100. Kwa hiyo 1HD-T au 1HD-FT yako haiiletei kazi ngeni. Sehemu ya mbele inakaa kwenye injini za familia ya 1H bila kuchonga kitu, na transfa ya 80, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inakubali. Kwa mtu anayetaka kufunga, kuwasha na kuondoka, hii ndiyo njia fupi.

Ina mitego miwili. Wa kwanza ni uongozaji. A442F zilizotoka nyuma ya 1HD-FTE zinategemea kompyuta ya gari lake kubadili gia. Ukiifunga kwenye gari lenye pampu ya kawaida bila ubongo wake, utabaki na chuma kizuri kisichojua lini kibadilishe gia. Ukiwa dukani angalia soketi ya waya za umeme na uone kama ina waya wa kikdauni. Waya wa kikdauni ukiwepo na nyaya za umeme zikiwa chache, uko salama. Fungu nene la nyaya za umeme lina maana nyingine, na nyingine hiyo ina gharama. Usinunue kwa picha ya WhatsApp iliyopigwa upande mmoja.

Mtego wa pili: jina A442F lilikaa pia nyuma ya 1FZ-FE ya petroli kwenye Land Cruiser 80 za mwaka 1993 na 1994. Jina ni moja, ila mdomo wa mbele, unaofungwa kwenye injini, si wa dizeli, na hata ungeingia, mpangilio wa kubadili gia ni wa injini inayozunguka juu kuliko yako.

A343F: nzuri, lakini si kwa kazi hii

Hii ni ya ukoo wa A340, ukoo ambao umeenea kwenye Toyota nyingi kiasi kwamba kila fundi wa otomatiki ameshaufungua. A343F ni ile yenye misuli zaidi humo ndani. Ilikaa kwenye Prado KZJ95 yenye dizeli ya turbo ya 1KZ-TE, kwenye Land Cruiser 80 za petroli kuanzia 1995, na kwenye Land Cruiser 100 ya V8 kabla ya gia tano. Wauzaji wanaipenda kwa sababu wanayo. "Bosi, hii imebeba V8, itashindwa na dizeli?" Haishindwi na namba ya msokoto. Inakushinda wewe kwa vitu vya kuungia: mdomo wa mbele wa Prado haukai kwenye 1HD, wa petroli haukai, na konveta zake, zile zinazopeleka nguvu ya injini ndani ya giaboksi kwa mafuta, zimepangwa kwa injini nyingine kabisa. Ukianza kutengenezesha adapta, pesa uliyookoa kwenye giaboksi inaishia kwa mchongaji.

Kama unachobadili ni pikapu ya Hilux na unaiwekea 1KZ-TE, hapo mambo yanageuka: chukua A343F iliyotoka na 1KZ hiyohiyo, pamoja na kontrol boksi yake, yaani kompyuta yake, wala usisome kilichobaki.

A750F: gia tano, na hesabu ya mlima

Sasa tukae hapa, maana hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunapotofautiana na mtu wa Morogoro.

A440F na A442F zina gia ya kwanza ya 2.95 (injini inazunguka mara 2.95 giaboksi ikitoa mzunguko mmoja) na ya pili ya 1.53. Ya tatu ni moja kwa moja, 1.00, na ya nne ni ya kukimbilia. A343F inakaribiana nazo: 2.80, 1.53, 1.00. A750F inakwenda hivi: 3.52, 2.04, 1.40, 1.00, na 0.716 ya kukimbilia. Iliingia kwenye Land Cruiser 100 kuanzia miaka ya 2003, na kwenye Prado 120 ya petroli ya 1GR-FE.

Chukua Kitonga. Unapanda kutoka Ruaha Mbuyuni nyuma ya malori yaliyopangana, mzigo nyuma. Gia nne zako ziko kwenye ya tatu, injini iko kwenye mizunguko 2,000, inaanza kuchoka. Giaboksi inashusha hadi ya pili na injini inaruka hadi kama 3,060. Inapiga kelele, mwendo unaongezeka kidogo, giaboksi inarudi ya tatu, injini inachoka tena. Inakwenda hivyo hadi juu, na kila kubadilika ni klachi kuteleza kidogo na joto kuongezeka. Kwenye gia tano, kutoka ya nne kwenda ya tatu injini inaruka hadi 2,800 tu, bado iko mahali turbo inapopapenda, na giaboksi inaweza kutulia hapo.

Sasa njoo Matamba kupitia Chimala, kwenye zile kona hamsini na saba. Hapo A442F iko kwenye gia ya pili, kona imekata mwendo, mizunguko imeshuka hadi 2,000, inahitaji ya kwanza. Kutoka 1.53 kwenda 2.95 injini inarushwa hadi kama 3,850. Nguvu ya juu kabisa ya 1HD-T iko kwenye 3,600, kwa hiyo umepita kilele, unachoma dizeli kwa makelele. A750F kutoka ya tatu kwenda ya pili inafika kama 2,900, basi. Tofauti hii utaisikia kwenye kila kona.

Kushuka nako kuna hadithi. Dizeli hizi zenyewe hazizuii sana gari ukiachia mafuta, na konveta isipojifunga ikazunguka pamoja na injini, zuio lenyewe linapungua. Kwa A442F unashuka Kitonga ukiwa na chaguo la 1.53 au 2.95: moja inakuacha ukanyage breki, nyingine inakufanya utembee kwa mguu. A750F inakupa 1.40 na 2.04 na bado ya kwanza ipo chini yake. Anayejua harufu ya breki za malori pale chini haniulizi kwa nini nalitaja hili.

Kwa hiyo A750F ndiyo bora? Kama giaboksi, ndiyo, na nasema bila kusita. Kama mradi wa Land Cruiser 80, inategemea umeinunua vipi. Yote humo ndani inaongozwa na selenoidi, yaani valvu za umeme, na selenoidi zinasubiri amri ya kompyuta inayojua mwendo wa gari, mizunguko ya injini na ulivyokanyaga mafuta. Pampu ya 1HD-T haina habari hizo, lazima uongeze sensa. Vidhibiti vya pembeni vya kuiongoza vinatengenezwa Marekani na Australia, vinaagizwa, vinafanya kazi, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kukipanga kwa kompyuta mpakato akiwa ndani ya gari linalotembea. Mbeya mtu huyo ukimpata, mtunze.

Njia safi ya A750F ni kununua nusu gari: 1HD-FTE ya HDJ100 (Land Cruiser 100 ya dizeli) za mwisho mwisho pamoja na A750F yake, transfa, kontrol boksi, nyaya zote na pedeli ya mafuta. Hapo unapata injini ya Nm 430 na giaboksi inayoielewa. Hata hivyo urefu wake haufanani na ulichotoa. Transfa ikirudi nyuma, propela ya nyuma (shafti ya kwenda magurudumuni) inakatwa, ya mbele inaongezwa, maunting inasogezwa, na propela iliyokatwa isiposawazishwa vizuri utaisikia ikitetemeka kwenye kilomita 80 kwa saa.

Jambo jingine ni mafuta. A440F na A442F zinakunywa mafuta ya otomatiki ya Dexron, ambayo hadi Tukuyu utaipata, na zina kijiti cha kupimia. A750F nyingi zinatumia mafuta ya aina nyingine, ATF WS, na nyingi hazina kijiti. Unapima kwa kufungua boliti ya chini mafuta yakiwa kwenye joto maalumu na kuangalia yanavyotiririka. Fundi akikuwekea Dexron "kwa sababu yote ni mekundu", mtafutie kazi nyingine.

Dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni

Giaboksi nyingi za mtumba tunazofunga huku zinapitia Dar es Salaam, Gerezani au Ilala, halafu zinapanda kwa lori au basi. Ikishafika Mbeya na ikawa mbovu, gharama ya kuirudisha inakukatisha tamaa, na muuzaji analijua hilo. Ukiweza, nenda mwenyewe au mtume fundi atakayeifunga.

Uliza konveta kwanza. Ukiambiwa "konveta zipo nyingi, tutakutafutia", aga kwa heshima. Konveta isiyo ya injini yako itafanya gari liwe zito kuondoka au likimbie mizunguko bila kwenda. Ikiwepo, ichomoe uangalie shingo yake inayoingia kwenye pampu ya mbele: iwe laini na inayong'aa, isiwe na mfereji unaoukamata kwa ukucha. Fungua sampu, bakuli la mafuta lililo chini. Ndani kuna sumaku. Ujiujiu laini wa kijivu juu yake ni wa kawaida kwa umri huo, vipande vinavyometa na chembe nyeusi za klachi si vya kawaida. Nusa mafuta. Mafuta yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na pinki yana maana rejeta ya gari lile ilipasuka ndani na maji yakaingia; gundi ya klachi haipendi maji, iache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa. Angalia pia masikio ya boliti kwenye mdomo wa mbele, mengi yanavunjika giaboksi zinapotupwa kwenye kontena.

Siku ya kufunga, simamia jambo moja tu hata kama hujui mengine. Konveta inarudishwa kwenye giaboksi kabla giaboksi haijapandishwa, na inapoingia inagota zaidi ya mara moja: unaisukuma huku ukiizungusha, inazama, unazungusha tena, inazama tena. Giaboksi ikishapandishwa, mdomo wake unatakiwa ukutane na injini kwa mkono, na konveta ibaki na nafasi kidogo, izunguke bure kabla ya kufungwa kwenye flaiwili, sahani iliyo nyuma ya injini. Fundi akianza kuvuta giaboksi kwa boliti ili mdomo ufunge, mwambie asimame, konveta haijakaa. Akiendelea, pampu ya mbele inavunjika ndani, gari linawaka vizuri na halitembei, na utaambiwa giaboksi ya Dar ilikuwa mbovu.

Badili sili ya mbele na ya nyuma ikiwa bado iko chini, ni rahisi kuliko kuishusha tena. Safisha mabomba ya kupozea na kipozeo chake, maana uchafu wa giaboksi ya zamani umelala humo ukisubiri mpya. Na ongeza kipozeo cha nje mbele ya rejeta. Mafuta ya otomatiki yanafurahi kwenye nyuzi 80 hadi 90. Yakivuka 120 yanazeeka haraka, na Kitonga saa nane mchana utayafikisha huko bila shida. Geji ndogo ya joto la giaboksi kwenye dashibodi ni kitu cha kwanza ningenunua baada ya kipozeo.

Ningechagua ipi

Gari la familia au la biashara ndogo, 1HD-T ya kawaida, A440F yako bado inashika vizuri na mafuta yake ni mekundu: baki nayo, rekebisha waya, weka kipozeo, hela iliyobaki peleka kwenye tairi. Gari la mzigo, mbao za Mafinga, viazi vya Makete, tela mara kwa mara: A442F yenye waya wa kikdauni, iliyotoka nyuma ya dizeli. Hili ndilo jibu langu kwa watu wengi wa huku, ingawa gia zake nne zinaniudhi kule Matamba. A750F ni ya mwenye HDJ100 iliyogongwa ambayo anaweza kuinunua nzima, na fundi wa umeme asiyeogopa mchoro wa nyaya.

Na kama otomatiki huipendi kwa moyo wote, H151F ya gia tano za mkono iko nyuma ya 1HD-T nyingi, na inamaliza nusu ya maneno haya. Vyovyote utakavyochagua, namba ya injini mpya iingie kwenye kadi ya gari kule TRA, usisubiri trafiki wa Uyole akuulize. Risiti ya injini uliyonunua itunze kwa ajili hiyo, na muuzaji aandike namba hiyo kwenye risiti yenyewe, si pembeni kwa kalamu ya risasi.